Aliyevipa Vibao Sauti: Maisha ya Sostenes Yeremia Ndahani, 1968–2025

Baba Mchungaji, mwenyekiti wetu wa mtaa, wafanyakazi wenzake kutoka Mtumba, majirani wa Ipagala, ndugu zetu wa Kongwa mlioondoka alfajiri ili kuwahi, na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, nasimama mbele yenu leo Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, kwa niaba ya ukoo wa Ndahani, mimi Raheli, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, kuwasomea maisha ya mdogo wangu. Ukoo ulitaka asome mwanamume, kama ilivyo desturi yetu, lakini marehemu aliacha maneno kwa mkewe kwamba asome Raheli, kwa sababu, haya ni maneno yake mwenyewe, "dada ndiye aliyenipinga kuliko wote, atajua mahali pa kusoma na mahali pa kuomba radhi," kwa hiyo nitasoma, na radhi nitaomba.

Marehemu Sostenes alizaliwa tarehe 4 Septemba 1968 katika kijiji cha Hogoro, Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Yeremia Ndahani na Mama Damari, wote wawili wametangulia, wakulima wa mtama na karanga na wafugaji wa ng'ombe wasiozidi kumi. Alizaliwa akiona vizuri, na ninataka hilo lifahamike, kwa maana aliona mwezi, aliona vumbi la mifugo ikirudi jioni, na hadi mwaka huu aliweza kukueleza ndama yupi alikuwa na doa jeupe upande gani, akakubishia kabisa kama ulikosea.

Mwezi Mei 1974 surua iliingia kijijini kwetu ikachukua watoto wengi, kwetu haikuchukua mtoto, ilichukua macho ya Sostenes. Macho yalivimba yakafunga, jirani mmoja mwenye huruma akatuelekeza majani ya kukamulia machoni, na aliyetumwa kwenda kuyachuma ni mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na aliyeyakamua ni mimi pia, siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni. Tulipomfikisha katika hospitali ya misheni, daktari alimwambia mama kwamba kioo cha jicho kimekwisha kuharibika pande zote mbili, na mpaka leo hakuna ajuaye kama ilikuwa ni surua au ni majani. Katika ukoo huu hakuna aliyewahi kunilaumu, na Sostenes mwenyewe kila aliponisikia nikijilaumu alikasirika kwelikweli, lakini mimi tangu mwaka ule nilimshika mkono, na sikuuachia kwa miaka hamsini. Naomba mlishike hilo, ndilo linaloeleza ukorofi wangu mtakaousikia mbele.

Januari 1977 alianza darasa la kwanza katika shule ya wasioona Buigiri, ambako alijifunza kusoma na kuandika nukta nundu, akahitimu darasa la saba mwaka 1983. Siku tuliyompeleka, baba na mimi, nililia kutoka bwenini mpaka barabarani nikidhani atapotea kati ya kitanda na choo, na tuliporudi kumtazama baada ya wiki mbili tulimkuta anakimbia kwenda kula, peke yake, akiwapita wenziwe. Mwaka 1985 na 1986 alisomea kazi ya kuendesha mitambo ya simu katika chuo cha watu wenye ulemavu kule Yombo, Dar es Salaam, na huko nako nilimsindikiza, nikakaa siku nne, mpaka mlezi wa bweni akaniuliza kwa adabu kama na mimi nimekuja kusoma.

Tarehe 2 Machi 1987 aliajiriwa na ofisi moja ya serikali mjini Dodoma akiwa mpokea simu, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minane, mpaka mauti yalipomfika. Kichwani mwake kulikuwa na namba za simu zaidi ya mia sita, hakuhitaji daftari, na akikusikia sauti mara moja tu hakukusahau tena, ukimpigia baada ya miaka miwili angekutaja jina na kukuuliza kama goti la mama yako limepona. Wakubwa wake walimheshimu, na wengine, nasema haya nikiwaona mmekaa pale mbele, walimwogopa kidogo, maana alijua nani anampigia nani na mara ngapi, na siri hizo zote zinazikwa leo pamoja naye, kwa hiyo kaeni kwa raha.

Jumamosi tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Emilia, fundi cherehani, aliyekuja ofisini kupima mapazia, akakosa wa kumshikia ncha ya futi, akamwomba mpokea simu. Nilipoletewa habari hizo nilifunga safari kutoka Kongwa kwenda kumuuliza binti wa watu kama anakielewa anachokikubali, naye akanitazama akanijibu, "Dada, mimi ndiye niliyeanza kumsalimia." Mungu aliwajalia watoto wawili, Jordan, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1998, ambaye ni fundi umeme mjini Singida, na Gladness, aliyezaliwa tarehe 27 Novemba 2001, ambaye ni muuguzi wilayani Kondoa, pamoja na mjukuu mmoja, Damari, mwenye umri wa miaka miwili. Nyumba hii tuliyokaa uani mwake waliianza mwaka 2002 wakahamia mwaka 2004, kabla haijapigwa lipu.

Sasa nafika pale ambapo kuna la kuomba radhi.

Kwa miaka yote ile ofisi ilikuwa katikati ya mji, na marehemu alikwenda na kurudi na gari la ofisi lililopita barabara kubwa kuwachukua wafanyakazi, lakini Julai 2021 ofisi yao ikahamia Mtumba, gari lile likapangiwa kazi nyingine, na kila mfanyakazi akaambiwa ajitegemee kwa usafiri. Kwa wengine lilikuwa jambo la kunung'unika siku mbili na kuzoea, kwa Sostenes lilikuwa jambo la kupoteza kazi, kwa sababu kituoni hapa Ipagala magari ya Mtumba, ya Ihumwa, ya Nzuguni na ya Chamwino yote yanasimama mahali pamoja, jina la njia limeandikwa kwenye kibao kinachotundikwa nyuma ya kioo cha mbele, na kibao hakimsaidii asiyeona. Mtasema si konda anaita, naam, konda huita anapohitaji abiria, gari likikaribia kujaa haiti mtu, linasimama kidogo, linaondoka. Na wasamaria wema nao wana matatizo yao, aliwahi kushikwa mkono na mama mmoja mwenye huruma sana akapandishwa gari la Chamwino bila kuulizwa anakwenda wapi.

Kwa hiyo Emilia akawa anampeleka Mtumba asubuhi, anarudi Ipagala, anakwenda kumchukua jioni, wanarudi wote, safari nne kwa siku, na cherehani ikakaa imefunikwa kitambaa, wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Baada ya miezi kadhaa mkuu wake wa kazi, kwa nia njema kabisa, alimwita akamshauri afikirie kustaafu mapema, akapumzike. Sostenes alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na nilipoongea naye kwa simu jioni ile aliniambia kwamba hataki kupumzika, anataka jambo moja tu, aende kazini na arudi nyumbani mwenyewe, mkewe ashone.

Machi 2022, katika mkutano wa kikundi cha wasioona wa jiji letu, alikuja mwalimu mmoja wa elektroniki wa chuo kimoja cha ufundi, binti anayeitwa Shamila, yuko hapa na wanafunzi wake, akiwa na kidude kidogo kama kiberiti. Alieleza kwamba kidude kile kikifungwa ndani ya gari kinatuma ishara, na simu ya asiyeona, ile inayosoma kwa sauti, ikiwa umbali wa hatua thelathini inaipokea na kusema, gari la Mtumba linakuja, na ukishapanda inakutajia kila kituo mnachokaribia, ili ujiandae kushuka. Wengi waliuliza maswali ya bei na ya betri, Sostenes aliuliza kama anaweza kuanza kesho. Alijitolea kuwa wa kwanza kujaribiwa, magari kumi na mawili yakafungwa vidude chini ya dashibodi, na Jumatatu tarehe 5 Septemba 2022, siku moja baada ya kutimiza miaka hamsini na minne, alikwenda Mtumba peke yake. Saa moja na dakika arobaini asubuhi alinipigia simu akasema, "Dada, niko getini ofisini," nikamuuliza uko na nani, akasema, "Niko na mlinzi," nikamwambia asinitanie, akacheka mpaka mlinzi naye nikamsikia anacheka.

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri, Emilia akafunua cherehani yake. Kisha ikaja Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, ambapo marehemu alitoka kazini mapema akashukia mjini kumnunulia mkewe vifungo na uzi, na saa kumi jioni akasimama stendi kusubiri gari la Ipagala. Simu ikamwambia gari la Ipagala hili hapa, akapanda, akapewa kiti, akaweka waya wa redio sikioni kusikiliza kwaya, gari likaondoka. Lilipofika mahali likapanda tuta na kuruka kwenye reli alishtuka, kwa sababu hakuna reli ya kuvuka kwenda Ipagala, akauliza jirani yake wapo wapi, akajibiwa kwamba wanaingia Zuzu.

Naomba nieleze kilichotokea, na kama yupo hapa ofisa yeyote wa leseni, kwa leo namwomba awe mfiwa tu. Wenye magari wetu wana mtindo wao, dereva wa njia ya Ipagala akiona abiria wake hakuna na wa Zuzu wamejaa, konda huteremsha kibao cha Ipagala, hutundika cha Zuzu kilichokuwa chini ya kiti, wanapiga safari moja ya haraka, wanarudi kwenye njia yao. Halikubaliki, na kila mtu anajua linafanyika, na kwa mwenye macho halina neno, anasoma kibao anapanda. Lakini kidude kilikuwa kimefungwa kwenye gari, na gari kwa karatasi zake lilikuwa la Ipagala, basi kikaendelea kusema Ipagala mpaka Zuzu. Walimu wa chuo walipanga kila kitu kwa kufuata karatasi, hawakujua kuhusu vibao vya chini ya kiti, na makonda waliojua kuhusu vibao hawakufikiri kwamba yupo mtu anayekisikiliza kile kidude.

Konda wa gari lile alikuwa Hashimu, yule pale amesimama na wenzake, na marehemu alipomwambia kwamba yeye alikuwa anakwenda Ipagala, Hashimu, kwa mazoea ya kazi, alimjibu, "Sasa mzee wangu, si uliona kibao?" Hashimu ameniambia mwenyewe kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini Sostenes alicheka, akasema, "Sikukiona, kijana wangu, hebu nisomee," naye akasoma, Zuzu. Abiria walipokwisha kushuka, dereva aligeuza gari tupu, wakamleta hadi mlangoni hapa, Hashimu akamwamkia Emilia shikamoo mara tatu kwa hofu, akakaribishwa ugali.

Lililofuata naliweka wazi mbele yenu. Jumamosi yake nilifika kutoka Kongwa nikiwa nimevimba kwa hasira, nikaichukua simu ya mdogo wangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, nikaifungia kabatini nikauvaa ufunguo shingoni, na bila kumuuliza nikampigia mkuu wake wa kazi nyumbani kwake nikamwambia, fomu ya kustaafu mapema itayarishwe, sisi kama ukoo tumekubali. Ukoo haukuwa umekubali kitu, ukoo ulikuwa mimi. Usiku wote sikumwambia, nilimwambia asubuhi baada ya ibada, nikitegemea atashukuru, naye akasema, "Dada, wale wamenipeleka Zuzu, wewe umenipeleka mbali zaidi, na huko ulikonipeleka hakuna gari la kurudi." Sostenes, nakuomba radhi mbele ya mashahidi hawa wote, nilikuomba radhi siku ile nikiwa na ubishi bado moyoni, leo nakuomba bila ubishi.

Nilifungua kabati nikampa simu yake. Jumatatu alikwenda kwa mkuu wake, akamweleza kwamba fomu ile haina baraka zake, akaomba muda, na mkuu yule, tunamshukuru, akampa mpaka mwisho wa Juni athibitishe kwamba anaweza kufika kazini kwa wakati bila kuletwa na mtu. Hapo ndipo watu walipotarajia aende kushitaki, na marafiki zake kadhaa katika kikundi walitaka magari yale yafungiwe, yeye akakataa, akamtafuta Hashimu akamwambia anataka kuongea na makonda.

Walikutana Jumapili tarehe 5 Machi 2023, saa tisa alasiri, katika banda la kubadilishia matairi karibu na stendi, makonda na madereva thelathini na kitu, na Shamila na daftari lake. Mwanzoni hakuna aliyetaka kusema, kila mmoja alijifanya hajawahi kugeuza kibao tangu azaliwe, mpaka Sostenes alipowaambia kwamba miaka thelathini na sita ametunza siri za wakubwa, za kwao hazitamshinda, na asiandike mtu jina la mtu. Wakaanza kufunguka, huyu anageuza saa nne, huyu siku ya mnada, huyu mvua ikinyesha, na Shamila akakata tamaa waziwazi, akasema basi itabidi kila konda akigeuza kibao abonyeze na kitufe kwenye kidude, wakacheka wote, wakamwambia ukweli kwamba watasahau siku ya kwanza tu.

Ndipo marehemu akauliza swali ambalo mimi, kwa elimu yangu yote, nisingeliuliza. Akawauliza, "Na kibao chenyewe, mnaweza kusahau kukigeuza?" Hashimu akamjibu, "Aa, mzee, hicho hakisahauliki, bila kibao nani atapanda?" Sostenes akasema basi kidude kitoke kwenye gari, kifungwe nyuma ya kibao, kila kibao na chake, kiwe kinasema kinapotundikwa na kinyamaze kinapoteremshwa, konda asifanye kazi yoyote zaidi ya ile anayoifanya tayari. Shamila ameniambia kwamba aliacha kuandika akabaki anamwangalia, kwa sababu tangu siku ile ya Zuzu walikuwa wakitafuta namna ya kuwabadilisha makonda.

Iliwachukua wiki saba kutengeneza, swichi ndogo iliwekwa kwenye ndoano, ukitundika kibao uzito wake unaivuta, kidude kinawaka, ukikiteremsha kinazimika, na Jumatatu tarehe 24 Aprili 2023 Hashimu alitundika kibao cha kwanza chenye sauti, marehemu akiwa kituoni Ipagala na shati lake la Krismasi. Mpaka mwisho wa Juni hakuchelewa kazini hata siku moja, jambo ambalo wenye macho yao mazuri, nawaona tena pale mbele, hawakuliweza, na fomu ya kustaafu ikachanwa na mkuu mwenyewe. Leo vibao vya namna ile viko kwenye njia za Mtumba, Nzuguni, Nkuhungu, Chang'ombe na Zuzu, vimepita mia moja na arobaini, na Jumamosi nyingi Sostenes alizitumia kuwafundisha wasioona wenzake, wazee kwa vijana, kusimama kituoni, kusikiliza, kupanda na kushuka, na hakumruhusu ndugu yeyote wa mwanafunzi kusogea karibu. Mimi mwenyewe alinifukuza mara mbili.

Februari 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuchoka bila sababu, vipimo vikaonyesha kwamba shinikizo la damu limeharibu figo zote mbili, na kuanzia tarehe 8 Aprili 2024 alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, huku siku zilizobaki akienda kazini. Kwa mara nyingine ukoo ulikaa, kwa mara nyingine mimi nikaongea zaidi ya wote, nikasema sasa imetosha, mgonjwa hapandi gari peke yake, naye akatuambia kwamba ugonjwa umemnyima chumvi, umemnyima maji ya kutosha, umemnyima nguvu, asitokee mtu wa kumnyima na njia pia. Basi Ijumaa moja ya mwezi Mei nilimvizia, nikapanda gari lilelile la hospitali, nikakaa viti viwili nyuma yake, kimya, nimejifunika khanga mpaka puani. Simu yake ikataja kituo cha hospitali, akasimama, akashuka, kisha akageuka mlangoni akasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, na wewe shuka, ndiyo hapa, unakohoa kama mama." Gari zima lilinicheka. Nilishuka nikamfuata kwa mbali, nikamwona anavuka lango, anasalimia mlinzi kwa jina, anapinda kulia pasipo kugusa ukuta, na pale pale, nikiwa na miaka sitini na mmoja, nikajua kwamba mkono wake niliodhani naushika mimi ndio uliokuwa umenishika. Sikumfuata tena.

Alisafiri hivyo kwa mwaka mmoja na zaidi. Jumapili tarehe 15 Juni 2025 alizidiwa na kubanwa pumzi, akalazwa, Gladness akafika kutoka Kondoa, Jordan kutoka Singida, akawatambua wote, akamuuliza Emilia kama lile gauni la harusi ya jirani limekwisha kushonwa, akajibiwa kwamba limebaki upindo, akasema, "Malizia." Jumatano tarehe 18 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi, mkewe akiwa kando yake, marehemu aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi tisa na siku kumi na nne. Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, ndugu watano, na pengo ambalo sitajaribu kulieleza kwa maneno, kwa sababu sauti itakatika nami bado nina ukurasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, waliomhudumia kwa upole na kuvumilia maswali yangu, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Mtumba waliompunguzia zamu bila kumpunguzia heshima, tunamshukuru mwalimu Shamila na wanafunzi wake, tunamshukuru Hashimu na makonda wote, ambao leo asubuhi wamefunga kitambaa cheusi kwenye vibao vyao. Tunawashukuru akina mama wa Ipagala kwa sufuria, kuni na siku tatu za kukesha, na kanisa kwa maombi.

Tunamshukuru kwa namna ya pekee jirani yetu Mzee Swedi, aliyetoa basi lake dogo, pamoja na dereva na mafuta, ili liwachukue wasioona wa kikundi cha marehemu kutoka majumbani kwao, liwalete hapa na kuwarudisha. Wazo hilo lilikuwa langu, niliandika orodha ya watu kumi na tisa na mahali wanapoishi, nikampa dereva saa kumi na mbili asubuhi nikamsisitizia awashike mkono mmoja mmoja. Saa mbili alinipigia simu kutoka Chang'ombe akasema mama wa pale ametoka, akaenda Nkuhungu, akaambiwa wametoka, akaenda Makole, akaambiwa wametoka, na saa tatu basi la Mzee Swedi likarudi hapa likiwa tupu, dereva akidhani amenikosea. Nilikwenda barabarani kumsikiliza, nikawaona wanashuka kituoni, kwenye gari la Nkuhungu, kwenye gari la Chang'ombe, wawili kutoka Zuzu, kila mmoja na fimbo yake nyeupe na nguo yake nzuri, hakuna aliyeshikwa na mtu. Nikamwambia Salma, mwenyekiti wao, kwamba tuliwatumia gari, jamani, mbona hamkusubiri, naye akanijibu, "Pole sana na msiba, dada Raheli, lakini kwa Sostenes tungekujaje kwa kuletwa?"

Wamekaa safu ya tatu, wote kumi na tisa. Tukitoka makaburini nitawasindikiza kwa macho tu, mpaka kituoni, nisimame mbali.

Ndugu yangu Sostenes, mwana wa Yeremia na Damari, mume wa Emilia, baba wa Jordan na Gladness, pumzika sasa kwa amani ya Bwana, na mkono wako nimeuachia.